Mpwa wangu anajaza risasi zake mwenyewe, zatoka hafifu, naye anataka neno langu

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mzee mkazi wa Likoni. Nilistaafu zamani kutoka Jeshi la Wanamaji, ambako kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa fundi wa silaha katika kambi ya Mtongwe. Nakuandikia kwa sababu nimewekwa baina ya dada yangu na mwanawe, na kila upande ninaoelekea naona nitamwumiza mmoja wao.

Kijana huyu alifiwa na baba akiwa bado mdogo, nami ndiye niliyemlea pamoja na wanangu. Miaka kadhaa iliyopita alikwenda Marekani kwa masomo. Sasa anafanya kazi ghalani katika jimbo la Ohio, na huko ameingia katika mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola ya milimita 9. Mchezo wenyewe ni halali na una vyama vyake na mashindano yake. Kwa kuwa risasi za dukani zinamgharimu sana, amenunua mashine ya kujazia: huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, huyaosha kwa maji na sabuni, hutia fataki mpya (kile kiwashio kidogo cha baruti) kitakoni, humimina baruti, kisha hukandamiza kichwa kipya mdomoni. Anasema watu wengi huko hufanya hivyo na hawahitaji leseni.

Shida ni kwamba risasi zake hazina nguvu. Bastola ikipigwa, slaidi, yaani sehemu ya juu inayotembea, hairudi nyuma hadi mwisho, ganda linakwama kwenye dirisha la kutokea, na mengine yanatoka yakiwa na masizi ubavuni. Amenitumia picha za ndani ya mtutu, na nimeona kwa macho yangu chembe za baruti zisizoungua. Rafiki yake alimwazima kronografu, ile mashine ya kupima kasi ya risasi, ikaonyesha wastani wa futi 950 kwa sekunde, yaani kama mita 290. Vichwa vyake vina uzito wa greni 115, greni ikiwa kipimo kidogo cha uzito. Boksi la risasi za kiwandani zenye uzito huohuo limeandikwa futi 1,150. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba hazilingani: moja ilikwenda futi 860, nyingine 1,040. Risasi za kiwandani, kwa maelezo yake, bastola hiyohiyo inazipiga bila matata.

Sasa ananiuliza: "Mjomba, niongeze baruti kiasi gani?" Anataka kuingia mashindano, na kwa kasi aliyo nayo hatafikia kiwango. Baruti yenyewe alipewa na jirani mzee aliyeacha mchezo. Ilikuwa katika kopo lake la asili, lakini kopo limekwisha kufunguliwa. Anafuata kipimo cha kuanzia kilichoandikwa kitabuni, naye anaamini kuwa kitabu kinaogopa kupita kiasi. Katika video moja nilisikia risasi iliyolia kama mfuko wa karatasi uliopasuka, na kijana akaendelea kupiga inayofuata bila hata kutazama mtutu. Usiku ule sikulala.

Nikimwambia sitaki kusikia habari hizi, atakwenda kuuliza watu asiowajua, nao watamtajia tarakimu yoyote. Nikimjibu, na mkono wake ukapasuka, nitamtazamaje dada yangu? Mama yake hapendi hata kuona picha ya bunduki na hajui lolote, na kijana ameniomba nisimwambie. Tena wenzake wawili wameanza kumpa pesa ili awajazie na wao. Desemba anakuja nyumbani, na amesema ataniletea chache nizione kwa macho.

Nifanye nini?

Mjomba, Likoni

JIBU

Kaka yangu Mjomba,

Ahsante kwa barua yako na kwa kuandika kwa utaratibu wa fundi, maana mengi ya yale niliyohitaji kujua umeyataja mwenyewe, na mengine yamo humo ingawa hukuyapa uzito. Mimi si mtaalamu wa bunduki. Kabla ya kukujibu nimesoma na nimewauliza wanaojua, na nitakayoyasema kuhusu baruti uyapokee kama maneno ya mtu aliyejitahidi kuelewa.

Nikikuelewa vyema, umeuliza maswali mawili yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza ni kwa nini risasi za kijana ni hafifu na kama wewe ndiwe wa kumwambia aongeze baruti. La pili ni nani katika nyumba yenu anapaswa kujua nini. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ndilo lenye hatari isiyongoja.

Kijana anaamini kwamba risasi dhaifu ina upungufu mmoja tu, nao ni baruti. Tazama tena tarakimu zako. Wastani wa futi 950 ni jambo moja. Tofauti ya futi 180 baina ya risasi ya chini kabisa na ya juu kabisa ni jambo lingine, na hilo la pili ndilo linaloeleza zaidi. Kama risasi zote zingekwenda karibu na 950, mtu angeweza kusema kipimo kiko chini lakini kazi ni safi. Zinapotawanyika hivyo, kuna kitu katika kazi yake kinachobadilika kutoka ganda hadi ganda, na yeye hajui ni kitu gani. Akiongeza baruti leo, atapandisha ile ya 860, lakini ataipandisha pia ile ya 1,040, na kama kilichoidhoofisha ile ya kwanza hakikuigusa ya pili, hajui ataifikisha wapi. Risasi ya milimita 9 imewekewa kikomo cha shinikizo cha pauni 35,000 kwa inchi ya mraba katika viwango vya Marekani, na mtutu hautofautishi baina ya aliyevuka kwa kujua na aliyevuka kwa kubahatisha.

Basi ni nini kinachobadilika? Nilipofika kwenye maji na sabuni, nilisimama. Wengi huosha maganda namna hiyo na hupata matokeo mazuri, lakini ganda ni kopo refu lenye mdomo mwembamba, na unyevu hukaa kitakoni na katika tundu la fataki hata nje kukionekana kukavu. Ganda moja likiwa kavu na lingine likibaki na tone, baruti ya moja itaungua vizuri na ya pili nusunusu, na utaona hasa ulichokiona: chembe mtutuni na kasi zinazotawanyika. Mafuta ya kulainishia maganda yanapopita mashineni huleta dosari hiyohiyo yakiingia ndani. Muulize anayakausha kwa muda gani, na kwa njia gani.

La pili ni mizani. Kwa bastola kama hii, baruti ya risasi moja kwa kawaida ni greni chache tu, na greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja. Kwa hiyo tunazungumzia theluthi ya gramu, au karibu na hapo. Mizani iliyowekwa mahali penye upepo wa feni, au ambayo haikuhakikiwa kwa jiwe lake la kupimia, inaweza kukosea kwa kiasi kinachotosha kuleta tatizo hili lote. Hata chombo kinachomimina baruti kina tabia zake: chembe zinaweza kushikamana njiani, ganda moja likapata pungufu na linalofuata likapata ziada. Hapo kosa ni la mashine, na kubadilisha namba ya kitabu hakutaliondoa.

Yako mengine, nitayapitia upesi. Kichwa kikikaa nje zaidi kuliko inavyoelekezwa, nafasi ndani ya ganda inapanuka na shinikizo linashuka. Ganda lisipokishika kichwa barabara, kinaondoka kabla baruti haijashika moto. Fataki isipozama sawasawa, pigo la kwanza la pini linapotea katika kuisukuma. Hayo masizi ubavuni mwa ganda, kama unavyojua kunishinda, ni dalili kwamba shinikizo halikutosha kulitanua ganda likazibe chemba, ile sehemu ya mtutu linamokaa. Na kama kijana alibadilisha springi ya kurudisha slaidi akaweka ngumu zaidi, hilo lingeeleza kukwama kwa ganda, ila halielezi kasi ndogo. Mambo haya mawili asiyachanganye.

Kisha kuna kopo la jirani. Hapa nasema waziwazi kuliko penginepo: baruti iliyofunguliwa na mtu mwingine haiaminiki, hata kama kopo lina lebo yake. Baruti hazitambuliki kwa rangi wala kwa umbo, na hakuna anayejua mzee yule aliwahi kurudishia nini ndani ya kopo siku aliyokuwa anasafisha meza yake. Ikiwa baruti ina harufu kali ya asidi au vumbi la rangi ya kutu, imekwisha kuharibika. Lakini hata isipokuwa na dalili hizo, kipimo cha kitabu kina maana pale tu mtu anapokuwa na hakika kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa. Kopo jipya, lililofungwa kiwandani, lingeondoa shaka kubwa kwa gharama ndogo. Huenda akakujibu kwamba ameingia katika kujaza ili kupunguza gharama, nami namwelewa, ila akiba hiyo imejengwa juu ya kitu asichokijua.

Kuna dhana nyingine ambayo ningependa muitazame pamoja. Analinganisha kasi yake na maandishi ya boksi. Kasi ya boksi au ya kitabu hupatikana kwa mtutu wa majaribio, ambao huenda usilingane na wa bastola ya mtu, na kronografu nayo hudanganywa na mwanga au betri inayokwisha. Achukue risasi chache za kiwandani azipime kwa mashine ileile, siku ileile, kwa bastola ileile. Zikitoka futi 1,050 badala ya 1,150, upungufu wake ni nusu ya anavyodhani. Mashindano anayoyataka, ikiwa ni ya USPSA, chama cha Marekani cha mchezo huo wa shabaha, huzidisha uzito wa kichwa kwa greni na kasi kwa futi, kisha hugawanya kwa elfu, na daraja la chini linahitaji 125. Kwa kichwa cha greni 115 hiyo ni futi 1,087 hivi kwa sekunde. Yeye kwa wastani wake anapata 109. Wapo wanaokifikia kiwango hicho kwa kutumia kichwa kizito zaidi, chenye kipimo chake chenyewe kitabuni, bila kukimbiza kasi. Njia hiyo ipo, ingawa nayo inaanza upya kutoka chini.

Sasa nije kwenye ule mlio wa mfuko wa karatasi, ambao ulikukosesha usingizi kwa haki. Watu wengi hudhani risasi dhaifu ni risasi salama. Wewe unajua kwamba kichwa kinaweza kukosa nguvu ya kutoka na kubaki katikati ya mtutu, na cha pili kikakikuta pale. Siku ile kilitoka. Hili ndilo jambo unaloweza kumwambia ukiwa Likoni bila kuona mashine yake wala mizani yake, na bila kuhitaji tarakimu hata moja: mlio ukibadilika, au bastola ikisukuma kidogo kuliko kawaida, anaacha, hagusi tena kifyatulio, anaelekeza mtutu mahali salama na kungoja, anatoa risasi zote, kisha anapitisha ufito ndani ya mtutu mpaka auone mwanga upande wa pili. Na zile alizokwisha kujaza katika fungu hili, heri azifungue moja moja kwa nyundo ya kung'olea vichwa. Kuzipima uzito zikiwa zimefungwa hakumsaidii, kwa maana maganda yenyewe hutofautiana uzito kwa kiasi kinachoweza kuficha upungufu wa baruti, na hata ziada yake.

Nikuulize na wewe jambo moja, bila kukuvunjia heshima. Ufundi wako wa miaka yote ulikuwa juu ya silaha, na risasi ulizipokea zimefungwa kutoka kiwandani. Kijana anapokuuliza aongeze kiasi gani, je, anauliza kwa sababu wewe unajua, au kwa sababu wewe ni mjomba wake na anataka ruhusa itoke kinywani mwako? Ikiwa ni hili la pili, unaweza kumnyima tarakimu bila kumnyima sikio. Unaweza kumwambia: "Namba ya baruti sikupi, hiyo itatoka kwenye kitabu cha mwenye kiwanda na kwa mtu aliyesimama mezani pako, lakini kila unachokiona nionyeshe." Hatari ya njia hii ni kwamba ataona unamkwepa, na huenda akaenda kwa hao wasiojulikana unaowaogopa. Hatari ya kumjibu moja kwa moja umeitaja mwenyewe. Ipo njia ya tatu, nayo ni kumhimiza atafute katika klabu yake mtu mzima anayejaza risasi kwa miaka mingi, akae naye jioni moja. Walio na uzoefu huo kwa kawaida hupenda kuulizwa, na huyo ataona kwa dakika chache usiyoweza kuyaona kwenye simu.

Mambo mawili umeyapitia harakaharaka, nami nashindwa kuyaacha. Ni kweli kwamba sheria ya kitaifa ya Marekani haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake. Kujaza kwa ajili ya kuuza ni biashara, na biashara hiyo ina leseni yake. Hizo pesa za wenzake wawili zinaweza kuonekana kama chai tu, lakini siku mojawapo ya hizo risasi ikimpasukia mtu mikononi, hakuna atakayeziita chai. La pili ni zito zaidi. Umesema alikwenda kwa masomo. Hukusema sasa ana karatasi gani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki bunduki kama raia, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, ya mwanafunzi ikiwamo, kwa ujumla amekatazwa kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya kuwinda. Labda mambo yake yako sawa na nina wasiwasi bure. Ningekuwa mimi, ningemuuliza hilo kabla ya kumuuliza habari za mizani, na jibu likisitasita, ningemtuma kwa wakili wa uhamiaji wiki hiyohiyo.

Kuhusu dada yako, sitakuambia umwambie wala usimwambie. Naona tu kwamba kuna siri za aina mbili hapa. Kwamba kijana analenga shabaha ni habari yake mwenyewe, naye ni mtu mzima. Ukimtolea siri hiyo, huenda hiyo ikawa simu yake ya mwisho kwako kuhusu jambo lolote la maana. Lakini kama anaendelea kupiga risasi zinazolia vibaya baada ya wewe kumwonya, au karatasi zake zina kasoro, hapo unaficha hatari, na uzito wake ni mwingine. Unaweza kumwekea mpaka mapema: kwamba utanyamaza maadamu ameacha lile fungu na amepata mtu wa kumsimamia, na kwamba usipoona hivyo, utamtaka azungumze na mama yake mwenyewe, kwa kinywa chake, wewe ukiwapo. Anaweza kukasirika. Inawezekana pia akafarijika, kwani mtu asiyetaka kuzuiwa hatumi video zake kwa fundi wa silaha mstaafu.

Dada yako nami simjui. Umesema hapendi hata picha ya bunduki, lakini hukusema kama umewahi kumuuliza sababu. Huenda sababu hiyo ingebadilisha namna ya kumweleza, wakati wa kumweleza ukifika.

Lililobaki ni la Desemba, na hili naomba umpigie leo, usingoje. Asilete chochote. Kwa Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, kuwa na risasi bila cheti ni kosa la jinai, na risasi moja iliyosahauliwa mfukoni mwa begi inatosha kumfanya atolewe kwenye foleni katika uwanja wa ndege wa Moi, huku mama yake akimngoja nje na asijue kwa nini hatoki. Hata ganda tupu litazua maswali ambayo hutaki ajibu akiwa amechoka na safari. Na begi analobebea vifaa vyake vya mchezo aliache Ohio kabisa, apakie nguo katika jingine, maana katika mikunjo ya begi la namna hiyo hapakosi kubaki kitu.

Mshauri